Mtu Aliyengoja Kuitwa Mara ya Pili

Somo: 1 Samweli 3:1–10



Jumapili moja baada ya ibada, kijana mmoja wa darasa la kipaimara alitufuata nyuma ya kanisa, akauliza: “Baba Mchungaji, je, ni kweli kwamba wako wataalamu wanaosikiliza nyota, wapate kujua kama huko wako wenye akili kama sisi?” Wazee wawili waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akamwambia ajifunze kwanza Amri Kumi, habari za nyota zitangoja. Na sisi, kwa kuwa tulikuwa tumechoka na njaa imetushika, tukamjibu kwa neno moja kwamba Maandiko hayasemi habari hizo, basi aende nyumbani. Akaenda. Jumapili iliyofuata hakuuliza swali lo lote, wala ile iliyofuata baadaye.

Haikupita miezi miwili tukawa twatengeneza mahubiri juu ya kuitwa kwake Samweli. Tumelisoma somo hili tangu utoto wetu, na siku zote macho yetu yalikuwa kwa mtoto. Safari hii yakaenda kwa mzee. Eli, kuhani aliyezeeka katika nyumba ya Bwana, alimrudisha mtoto kitandani mara mbili. Mtoto amesikia kweli kweli, naye mwenye cheo amwambia akalale. Tukaiweka kalamu chini. Tulimkumbuka yule kijana, tukaona haya.

Basi tukaenda kutafuta habari zile alizotuuliza, na tumeona si habari za kipuuzi hata kidogo. Twawaandikia sehemu yake, maana vijana wenu nao watawauliza, kama hawajawauliza tayari.

Katika Marekani, jimbo la Ohio, karibu na mji wa Delaware, palikuwa na darubini kubwa ya redio, mali ya chuo kikuu cha jimbo lile. Darubini ya namna hii haitazami kwa jicho, bali hupokea mawimbi ya redio yatokayo mbinguni, kama vile redio ya nyumbani inavyopokea mawimbi ya mji wa mbali. Watu waliiita Big Ear, maana yake Sikio Kubwa. Ilikuwa imejengwa juu ya ardhi kwa kuta za wavu wa chuma, ikipita viwanja vitatu vya mpira wa Kimarekani kwa ukubwa. Wala haikuweza kugeuka na kuzifuata nyota. Ilikaa mahali pake, ikaingoja dunia izunguke na kuipitisha mbingu mbele yake, sehemu kwa sehemu.

Mwaka 1973 Sikio lile lilianza kutumiwa kutafuta sauti ya viumbe wenye akili. Si jambo la ndoto. Mwaka 1959 wajuzi wawili, Giuseppe Cocconi na Philip Morrison, waliandika kwamba kama wako wengine wapendao kuzungumza na wenzao wa mbali, yaelekea watatumia mawimbi ya redio, kwani mawimbi hayo hukimbia kama nuru, kilometa 300,000 kwa sekunde moja, nayo hupenya mavumbi yaliyo kati ya nyota. Wakataja na mahali pa kutegea sikio: karibu na megahezi 1420. Hapo ndipo hewa nyepesi iitwayo haidrojeni inapotoa mawimbi yake yenyewe, na haidrojeni imejaa kila mahali kuliko kitu kingine cho chote. Mwenye akili ye yote, hata akikaa wapi, atapajua mahali hapo, kama vile wageni wa pande zote wanavyojua kukutana kisimani. Mwaka 1960 Frank Drake akajaribu jambo hilo huko Green Bank, katika jimbo la West Virginia, akasikiliza nyota mbili. Hakupata kitu.

Usiku wa tarehe 15 Agosti 1977 palikuwa kimya huko Ohio. Hapakuwa na mtu aliyekesha darubinini, ila mashine tu ikipiga tarakimu juu ya karatasi. Siku chache baadaye Bwana Jerry Ehman alizipitia karatasi zile. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo, na kazi hii ya kutafuta aliifanya kwa kujitolea, bila mshahara. Karatasi ilijaa namba ndogo ndogo, moja, mbili, moja, ambazo ni mvumo wa kawaida wa mbingu. Mashine iliandika namba mpaka 9, na nguvu ikizidi hapo iliandika herufi, A, B, C na kuendelea. Ghafula, katika safu moja, akaona 6EQUJ5. Ile U maana yake ni nguvu iliyopita mvumo wa kawaida mara thelathini. Akatwaa kalamu nyekundu, akazizungushia duara, na pembeni akaandika neno moja la Kiingereza, “Wow!”, ambalo ni kama sisi tusemavyo “Lo!” Kwa ajili ya neno hilo ishara ile imeitwa Ishara ya Wow mpaka leo.

Ilidumu sekunde 72. Muda huo ndio nyota yo yote iliyouchukua kupita mbele ya Sikio Kubwa, na nguvu yake ilipanda na kushuka sawasawa na kitu kilichotulia mbali mbinguni, upande wa kundi la nyota ambalo Waswahili huliita Kausi, yaani Mshale. Lakini darubini ile ilikuwa na pembe mbili za kupokelea, na mbingu ilipita mbele ya pembe moja, kisha baada ya dakika kama tatu mbele ya pembe ya pili. Pembe moja ilisikia, ile nyingine haikusikia. Kwa hiyo chanzo kile kilianza ghafula au kilikoma ghafula katikati ya dakika zile chache.

Bwana Ehman na wenzake wakarudi kusikiliza mahali pale pale zaidi ya mara 50. Kimya.

Sasa angalieni, ndugu, jinsi alivyofanya mtu huyu. Alikuwa na karatasi mkononi ambayo magazeti ya dunia nzima yangeinunua. Angaliweza kusema, “Nimewasikia.” Hakusema. Muda wa miaka mingi watu walimwuliza, naye akakataa kujenga nyumba kubwa juu ya msingi mdogo. Alisema alichokiona, akaacha hapo. Twakiri ya kwamba jambo hili lilituchoma kuliko yote. Katika siku zetu ni wengi wasimamao mbele za watu na kunena, “Bwana ameniambia usiku,” nao hawana hata zile sekunde 72. Na sisi wachungaji hatumo nje ya hukumu hii. Mara ngapi tumemwambia mfiwa kwa uhakika sababu ya Mungu kumchukua mtoto wake, hali sababu yenyewe hatukuambiwa?

Pia yuko mfano wa upande mwingine, nao ni wa kusikitisha. Bwana Percival Lowell, tajiri wa Boston, aliipenda sana sayari ya Mirihi. Mwaka 1894 alijenga kwa mali yake nyumba ya darubini huko Flagstaff, katika Arizona, akaitazama Mirihi usiku baada ya usiku. Mtaliano Giovanni Schiaparelli alikuwa amechora mistari juu ya sayari ile mwaka 1877, naye Lowell akaiona mistari hiyo, akaiongeza, akasema ni mifereji iliyochimbwa na watu wa Mirihi ili kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha zake. Aliandika vitabu, akahutubia, akaaminiwa na wengi. Akafa mwaka 1916 bado akiamini. Mwaka 1965 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kuleta picha: mashimo na jangwa, wala hakuna mfereji hata mmoja. Hakuwa mwongo. Alipenda mno, na upendo ule ukamchorea mistari. Kijana wetu tutamweleza habari za wote wawili, Lowell pamoja na Ehman, maana darubini ni nzuri mikononi mwa wote wawili.

Lakini mtu tunayetaka hasa kuwaeleza ni wa tatu.

Bwana Robert Gray alikuwa mtu wa Chicago, kazi yake kuchambua takwimu. Hakuwa mjuzi wa nyota kwa cheo, wala hakuwa na chuo kilichomwajiri kutazama mbingu. Alisikia habari za karatasi ile ya Ohio, nayo ikamshika, isimwache tena. Katika miaka ya 1980 aliweka nyuma ya nyumba yake dishi la futi 12, akalielekeza Kausi, akaanza kungoja. Alipoona sikio lake ni dogo, akaomba kutumia masikio ya wakubwa. Mwaka 1987, tena 1989, akasikiliza kwa darubini ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1995 na 1996 akapewa nafasi katika jangwa la New Mexico, penye madishi 27 yanayofanya kazi kama sikio moja, kila dishi upana wake meta 25. Hata huko Tasmania, kusini mwa Australia, alimpata mjuzi wa kusikiliza pamoja naye, kwani huko Kausi hukaa juu muda mrefu, nao wakaweza kuifuata masaa kama 14 kwa mfululizo. Alifikiri labda mwenye kuita huita mara chache tu kwa siku, kama mnara wa pwani ambao taa yake huzunguka, na wale waliosikiliza kwa dakika chache walimkosa.

Mwaka 2012 akatoa kitabu juu ya utafutaji huo. Akafariki mwaka 2021. Hakuitwa mara ya pili.

Tangu hapo wengine wametoa maelezo. Mwaka 2024 wajuzi wa Puerto Rico walisema huenda lilikuwa wingu baridi la haidrojeni lililong’aa ghafula kwa kupigwa na nguvu ya nyota nyingine. Yawezekana. Na lile Sikio Kubwa lilivunjwa mwaka 1998, mahali pake pakatengenezwa uwanja wa gofu. (Hatuna neno juu ya gofu, ila tulipolisoma jambo hili tulitikisa kichwa.)

Turudi kwa Samweli. Mtoto aliitwa mara ya kwanza, asijue ni nani. Akaitwa mara ya pili. Akaitwa mara ya tatu, ndipo mzee akatambua. Akaitwa mara ya nne, akajibu. Tumezoea hadithi hii hata twadhani ndivyo ilivyo siku zote, kwamba aliyeitwa mara moja ataitwa tena mpaka aelewe. Bali je, ikiwa sauti ilikuja mara moja tu, nawe umerudi kulala, na usiku ukawa kimya mpaka asubuhi, na usiku wa kesho kimya, na miaka thelathini kimya?

Watu wa namna hiyo wamo katika sharika zetu, nao hukaa viti vya nyuma. Tunaye mama mmoja, jina lake hatulitaji. Alitusimulia kwamba usiku mtoto wake alipokufa, alijua pasipo shaka kwamba Mungu yumo chumbani pamoja naye. Hakuona njozi, wala hakusikia neno. Alijua tu. Akatuambia, “Tangu siku ile, Mchungaji, sijajua tena hivyo.” Miaka zaidi ya thelathini imepita. Kila Jumapili yumo kanisani kabla ya kengele ya pili.

Tulimjibu kama tulivyofundishwa, na jibu lile ni kweli: kwamba Mungu hakutuacha na sauti ya usiku mmoja, ametupa Neno lake, nalo husomwa kila wiki, ametupa Ubatizo, nao haukomi, ametupa meza yake, na mkate ule huwekwa mikononi mwetu hata siku ambayo moyo hausikii kitu. Bwana Gray alikuwa na karatasi moja tu ya tarakimu. Sisi hatukuachiwa karatasi moja. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Najua, Baba. Kwa hayo naishi. Lakini natamani kusikia tena.” Wala hatukuwa na neno la kumwongezea. Twadhani kutamani kwake si upungufu wa imani. Eli mwenyewe hakumfundisha Samweli namna ya kuileta sauti. Alimfundisha tu alale wapi na aseme nini ikija.

Baadhi yenu walimu mtauliza: na kama Gray angeitwa mara ya pili? Kama wako viumbe wengine wenye akili, imani yetu itakuwaje? Swali hili si geni katika nyumba yetu ya Kilutheri. Philipp Melanchthon, mwenzi wa Luther katika kazi, aliandika karibu na mwaka 1550 kwamba tusiwaze kuwako dunia nyingi zenye watu, kwani Mwana wa Mungu ni mmoja, alikufa mara moja na kufufuka mara moja, wala hafi tena na tena katika dunia nyingine. Lakini Johannes Kepler, Mlutheri naye, aliyejifunza theolojia Tübingen akitaka kuwa mchungaji kabla ya kuitwa kufundisha hesabu, aliposikia mwaka 1610 kwamba Galileo ameona miezi minne ikiizunguka Mshtarii, yaani Jupita, alisema hakika miezi ile imewekwa kwa ajili ya mtu fulani akaaye huko. (Baadaye Kepler alizuiliwa kwenye Meza ya Bwana huko Linz. Haikuwa kwa sababu ya nyota, bali kwa sababu hakukubali kutia sahihi mafundisho yote ya kanisa lake juu ya mwili wa Kristo. Alihuzunika sana kwa ajili yake.)

Sisi twaona Melanchthon alisema kweli kwamba msalaba ni mmoja. Ila umoja wa msalaba haupimi mwisho wake. Bwana wetu alisulibiwa nje ya mji mmoja, katika nchi ndogo, mbele ya watu wachache. Hakusulibiwa tena Machame, wala Usambara. Babu zetu waliishi na kufa pasipo kusikia habari ile, na walioishi siku zile wangeweza kudhani haiwahusu. Ikachukua zaidi ya miaka 1,800 kutufikia. Basi sisi tuliofikiwa kwa kuchelewa namna hii, tutathubutuje kuweka mpaka na kusema, “Haivuki hapa”? Paulo katika sura ya kwanza ya Wakolosai, anaponena juu ya mapatano ya damu ya msalaba, hutaja vitu vya nchi na vya mbinguni pia. Alifikiri nini alipoandika hivyo, hatuwezi kusema, na sayari tu zinazozizunguka nyota nyingine zimekwisha kuhesabiwa kupita 5,000, ambapo kabla ya miaka ya 1990 haikujulikana hata moja. Katika Ayubu sura ya 38 Mungu anamwuliza mtu juu ya makundi ya nyota, na Ayubu hana jibu. Wala hakemewi kwa kutojua nyota.

Tulimwita yule kijana nyumbani kwetu Jumatano jioni, mwezi wa Agosti, tukamwomba radhi mbele ya baba yake. Baba yake alishangaa kuliko yeye. Tukampa habari zote hizi, na jinsi mamilioni ya watu wa nchi nyingi, tangu 1999 mpaka 2020, walivyoazimisha kompyuta zao za nyumbani kwa Chuo Kikuu cha California, ili zichambue mawimbi wakati wenyewe wamelala. Akasikitika kwamba amechelewa. Tukamwambia ya kuwa Bwana Gray alianza na dishi la futi 12.

Ndipo akatuuliza kama twaijua Kausi iko wapi. Hatukuijua. Akatutoa nje, ilikuwa imepita saa tatu usiku, akanyosha mkono karibu juu kabisa ya paa la kanisa, upande wa kusini kidogo, akatuonyesha nyota moja moja mpaka tukaona umbo lake. Akasema, “Ni hapo, Baba Mchungaji. Ilitoka hapo.” Kisha akaomba tuizime taa ya baraza. Tukaizima, tukasimama naye.